Keneli inapopoteza hesabu ya muda: mwongozo kamili wa kurekebisha namba zinazofurika

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo: bodi ya ARM ya biti 32, betri, paneli ya jua, na kihisi cha kimo cha maji kilichofungwa kwenye nguzo ya gati karibu na Wete, Pemba. Draiva ya kihisi, yaani programu inayokiendesha, iliandikwa kabla yangu. Mimi niliitwa kwa sababu mara mbili kila siku kifaa kilitangaza kwamba kihisi kimekufa, kikakizima, kikakiwasha tena, na dakika kadhaa za vipimo zikapotea.

Mara mbili kwa siku. Bahari nayo hujaa mara mbili kwa siku, basi sote tukakubaliana kwamba maji yakijaa yanaingia kwenye kebo. Tukabadilisha kebo, tukaziba viungo kwa silikoni. Hali ikabaki vile vile.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja anayeangalia vyombo pale gatini. Alikuwa ameshaizoea taa nyekundu ya kifaa chetu. "Mwanangu," aliniambia, "bahari kila siku huchelewa, karibu dakika hamsini. Hicho kidude chenu kila siku kinawahi. Hakifuati maji hicho."

Nikarudi kwenye kumbukumbu za kifaa, nikatoa saa ya kosa moja kutoka saa ya kosa lililofuata. Jibu lilikuwa lile lile kila mara: saa 11, dakika 55 na sekunde 50. Hizo ni sekunde 42,950. Keneli ya kifaa, yaani kiini cha mfumo wake wa Linux, ilikuwa ikihesabu muda kwa kupiga midundo 100 kwa sekunde, kwa hiyo ni midundo 4,295,000. Zidisha kwa 1,000 unapata 4,295,000,000, na 2 kipeo cha 32 ni 4,294,967,296. Hapo nikajua kwamba kebo tumeionea bure.

Mwongozo huu ni wa anayefanya kazi na keneli ya Linux, hasa kwenye vifaa vidogo vya biti 32 vinavyoachwa peke yao kwa miezi. Nadhani unajua C kiasi na umewahi kujenga keneli au draiva angalau mara moja.

Kwanza tuelewane kuhusu kufurika

Ukipima mchele kwa pishi, pishi ikijaa punje humwagika mkekani na kila mtu anaona. Namba ya biti 32 haimwagiki. Inajaa hadi 4,294,967,295, ukiongeza moja inakuwa sifuri, na keneli inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi, hugeuka vibaya zaidi: kutoka 2,147,483,647 inaruka hadi hasi 2,147,483,648. Katika C, kufurika kwa namba isiyo na alama kuna kanuni iliyo wazi. Kwa namba yenye alama, lugha haikuahidi chochote, na kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba jambo hilo halitokei kamwe. Keneli ya Linux hujengwa kwa `-fno-strict-overflow` ili kuizuia kompaila isitumie ruhusa hiyo, lakini jibu litakalotoka bado litakuwa si lile ulilotaka.

Kwetu Visiwani kuna sababu ya pekee ya kulishughulikia hili sasa. Kwa miaka mingi kukatika kwa umeme kulificha kasoro hizi. Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hata nje ya msiba mkubwa kama ule, mashine iliyowashwa upya kila wiki haifiki siku ya 49, sembuse ya 497, ambako namba hizi hufurika. Paneli za jua na betri zimeibadilisha hali hiyo. Kifaa kinawashwa mara moja, kinasahauliwa, na kinafika kwenye ukingo ambao aliyekiandika hakuwahi kuuona.

Hatua ya 1: geuza muda wa kosa kuwa namba

Kabla ya kufungua msimbo, pata muda halisi baina ya kosa na kosa, au baina ya kuwashwa na kosa la kwanza. "Baada ya muda mrefu" haikusaidii kitu. Tazama `dmesg`, tazama `/proc/uptime`, na kama hakuna kumbukumbu, weka kiprogramu kinachoandika muda kila dakika. Kisha linganisha na kingo hizi, ambazo nimeziandika kwenye karatasi juu ya meza yangu:

- sekunde 2.1 au 4.3: nanosekunde ndani ya biti 31 (namba yenye alama) au 32
- dakika 5 tangu kuwashwa: `jiffies`, kihesabu cha midundo cha keneli, ikiwa ya biti 32 imezunguka (nitaeleza chini kwa nini ni mapema hivi)
- dakika 71 na sekunde 35: mikrosekunde ndani ya biti 32
- siku 24.9 au 49.7: milisekunde ndani ya biti 31 au 32
- siku 198.8: midundo 250 kwa sekunde, biti 32
- siku 208.5: nanosekunde zimefika 2 kipeo cha 54
- siku 248.6 au 497.1: midundo 100 kwa sekunde, biti 31 au 32

Namba hizi si za darasani. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa zikiganda baada ya siku 49.7. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kutimiza siku 248 mfululizo, kwa sababu kompyuta zinazodhibiti majenereta zilikuwa na kihesabu kinachofurika. Na siku 208.5 zilizikuta seva za Linux zenyewe. Kisa hicho nitakirudia kwenye hatua ya 5, kwa kuwa kina funzo la hesabu.

Kama muda wako haumo kwenye orodha, jaribu kuuzidisha au kuugawa. Wetu, wa saa 11 na dakika 55, haukuwemo. Ulionekana tu nilipouzidisha kwa 100 na kisha kwa 1,000, yaani hesabu ile ile iliyokuwa ndani ya draiva.

Hatua ya 2: jua upana wa namba na kasi ya midundo

```
uname -m
grep CONFIG_HZ= /boot/config-$(uname -r)
zcat /proc/config.gz | grep CONFIG_HZ=
```

Mstari wa pili au wa tatu utakuambia kama `HZ`, yaani midundo kwa sekunde, ni 100, 250, 300 au 1000. Mashine ya biti 64 ina `unsigned long` ya biti 64, na `jiffies` yake haitazunguka maishani mwako. Usijipe moyo haraka, maana msimbo ule ule ukipelekwa kwenye bodi ya biti 32 tabia yake inabadilika, na hata kwenye biti 64 mtu anaweza kuwa ameihifadhi `jiffies` kwenye `u32` au `int`, ambazo bado ni za biti 32.

Hatua ya 3: rekebisha ulinganishaji

Hapa ndipo pa kuanzia kutafuta. Pitia kila mahali penye `jiffies` karibu na alama ya `<` au `>`:

```c
unsigned long ukomo = jiffies + 5 * HZ;

while (!tayari(h)) {
	if (jiffies > ukomo)            /* kosa */
		return -ETIMEDOUT;
	cpu_relax();
}
```

Tuseme `jiffies` iko midundo 100 kabla ya kujaa. `ukomo` unazunguka na kuwa namba ndogo, sharti linatimia papo hapo, na kifaa kizima kinaonekana kimekufa. Upande wa pili ni mbaya zaidi. `ukomo` ukiwa punje chache kabla ya kujaa na `jiffies` ikaruka sifuri katikati, kitanzi kitasubiri karibu mzunguko mzima. Kwa midundo 100 hiyo ni mwaka na miezi minne.

Dawa yake ni:

```c
	if (time_after(jiffies, ukomo))
```

Siri ya `time_after` sote tunaitumia bila ya kujua. Dau likiondoka Nungwi saa kumi alasiri na kufika linakokwenda saa mbili usiku, limechukua saa ngapi? Hakuna atakayesema hasi nane. Tunajibu saa nne, kwa sababu tunajua saa huzunguka kwenye kumi na mbili. Makro hii inafanya hivyo hivyo: inatoa `ukomo - jiffies` kwa namba zisizo na alama, ambazo huzunguka zenyewe, kisha inalisoma jibu kama namba yenye alama. Likiwa hasi, ukomo umeshapita.

Kuna sharti moja. Umbali kati ya nyakati mbili lazima uwe chini ya nusu ya mzunguko. Uso wa saa hauwezi kutofautisha safari ya saa nne na ya saa kumi na sita. Kwa biti 32 na midundo 100, nusu ni siku 248.6, kwa midundo 1000 ni siku 24.9 tu. Draiva inayohifadhi "mara ya mwisho nilipoona tatizo" na kuja kuiuliza baada ya mwaka mmoja haiokolewi na `time_after`. Mwandishi wake atumie `get_jiffies_64` pamoja na `time_after64`, au aachane na midundo kabisa na kutumia `ktime_get`.

Usisome `jiffies_64`, kihesabu kile kile kwa biti 64, moja kwa moja kwenye mashine ya biti 32. Prosesa inaisoma kwa vipande viwili, na mdundo ukipigwa katikati utapata nusu ya zamani na nusu mpya, kosa la midundo 4,294,967,296. `get_jiffies_64` ina ulinzi dhidi ya hilo.

Kama muundo wa kifaa unakulazimisha kuhifadhi muda kwenye `u16`, kumbuka kwamba C huipandisha `u16` kuwa `int` kabla ya kutoa, na mzunguko unapotea. Rudisha jibu kwenye upana wake: `(u16)(sasa - mwisho)`. Nimeiona kasoro hii kwenye draiva tatu tofauti, na kila mara aliyeiandika alikuwa na uhakika kwamba ameshalifikiria suala la kuzunguka.

Hatua ya 4: toa kwanza, geuza baadaye

Hii ndiyo iliyotuuma Wete. Msimbo ulikuwa hivi:

```c
static u32 sasa_ms(void)
{
	return jiffies * 1000 / HZ;
}

...
	if (sasa_ms() - h->mwisho_ms > 60000)
		zima_na_uwashe(h);
```

Ukisoma haraka hauna ubaya. Namba hazina alama na kutoa kunafanyika kwa mzunguko, kama nilivyoeleza. Tazama sasa kinachotokea ndani ya `sasa_ms`. `jiffies * 1000` inafurika kila baada ya midundo 4,294,967. Kisha jibu linagawanywa kwa 100. Kwa hiyo thamani inayorudi inapanda hadi 42,949,672 na kuanguka sifuri. Saa hii sasa inazunguka kwenye 42,949,672, ilhali utoaji unaofuata unadhani inazunguka kwenye 4,294,967,296. Ni kama kumpa mtu saa yenye tarakimu kumi kisha ukamtaka ahesabu kwa kumi na mbili. Mara tu saa iliporudi sifuri, tofauti ilisomeka kama siku 49, kifaa kikaamini kihisi kimenyamaza, kikakizima.

Hili lilieleza pia kwa nini kosa lilikuwa likiwahi kila siku. Mizunguko miwili ni saa 23, dakika 51 na sekunde 39. Kila siku mpya kosa lilitangulia kwa dakika 8 na sekunde 20. Mzee aliliona hilo kwa macho, bila ya kikokotoo.

Marekebisho:

```c
	unsigned long pita = jiffies - h->mwisho;   /* midundo, inazunguka salama */

	if (pita > msecs_to_jiffies(60000))
		zima_na_uwashe(h);
```

Hifadhi muda kwa kipimo chake cha asili, yaani midundo. Toa ukiwa bado ndani ya kipimo hicho. Baada ya hapo ndipo ugeuze, tena ugeuze tofauti ndogo na uuache muda mzima kama ulivyo. Na pale unapoweza kugeuza upande wa pili wa sharti, kama nilivyogeuza 60000 hapo juu, ni bora zaidi, kwa kuwa namba hiyo haikui.

Ukihitaji milisekunde kwa ajili ya kuandika kwenye kumbukumbu, `jiffies_to_msecs(pita)` itakupa, lakini inarudisha `unsigned int`, kwa hiyo nayo ina ukingo wa siku 49.7. Kwa vipindi virefu tumia `ktime_ms_delta`, inayorudisha biti 64. Kifaa kikiwa kinalala na kuamka, `ktime_get_boottime` inahesabu na muda wa usingizi; `ktime_get` haiuhesabu.

Mtego mwingine wa ukoo huo huo:

```c
	u64 ns = sekunde * NSEC_PER_SEC;            /* kosa kwenye biti 32 */
	u64 ns = (u64)sekunde * NSEC_PER_SEC;       /* sahihi */
```

`NSEC_PER_SEC` ni `1000000000L`. Kwenye mashine ya biti 32 `sekunde` ya aina ya `int` na `long` hiyo vinazidishwa ndani ya biti 32, na jibu linafurika kuanzia sekunde ya tatu. Kuliweka kwenye `u64` baada ya hapo ni sawa na kumimina maji yaliyokwishamwagika kwenye pipa kubwa. Upana unaamuliwa na vinavyozidishwa. Anayepokea jibu hana sauti.

Hatua ya 5: pale biti 64 nazo hazitoshi

Watu wengi hubadilisha kila kitu kuwa `u64` na kufunga kazi. Kwa kujumlisha na kutoa wako sawa: nanosekunde ndani ya biti 63 zinatosha miaka 292. Balaa huja na kuzidisha.

Chukua kihesabu cha ARM kinachokwenda kwa megahezi 24, usanidi ulio kwenye bodi nyingi. Unataka nanosekunde:

```c
	ns = mizunguko * 1000000000ULL / 24000000;
```

Zao la kati linavuka 2 kipeo cha 64 mizunguko inapofika 18,446,744,073. Kwa megahezi 24 hizo ni sekunde 768, yaani chini ya dakika 13. Biti 64 kamili, na saa inaharibika kabla chai haijachemka.

Njia ya kwanza ni kupunguza sehemu, kama tulivyofundishwa skuli ya msingi. 1,000,000,000 kwa 24,000,000 ni 125 kwa 3:

```c
	ns = div_u64(mizunguko * 125, 3);
```

Sasa zao linavuka ukingo baada ya karibu miaka 195. Kihesabu hicho kinaahidiwa angalau biti 56, na hata zikijaa zote, zao la 125 bado linaingia ndani ya biti 64. `div_u64` nimeitumia kwa makusudi: ukiandika `/` kati ya namba za biti 64 kwenye ARM ya biti 32, keneli haitaunganika, italalamika kwamba haijui `__aeabi_uldivmod`.

Sehemu isipopunguzika, ipo njia ya hisa na baki. Ndiyo iliyorekebisha kasoro ya siku 208.5. Kwenye x86, yaani prosesa za Intel na AMD, `sched_clock`, saa ya ndani ya keneli, ilikuwa ikizidisha mizunguko ya prosesa kwa kipimo fulani kisha ikisogeza jibu biti 10 kulia. Kwa kuwa biti 10 za chini zilitupwa mwishoni, zao lilikuwa daima kubwa mara 1,024 kuliko nanosekunde zenyewe, na likajaa nanosekunde zilipofika 2 kipeo cha 54. Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, cha mwaka 2011 kiliigawa mizunguko katika sehemu mbili kabla ya kuzidisha:

```c
	hisa = mizunguko >> 10;
	baki = mizunguko & 1023;
	ns   = hisa * kipimo + ((baki * kipimo) >> 10);
```

Fanya hesabu hiyo kwa mkono mara moja, na namba ndogo, uone kwamba jibu halipungui hata moja. Keneli ina `mult_frac` inayofanya kazi ya namna hii, na `mul_u64_u32_shr` inayozidisha kwa upana wa kutosha kisha kusogeza. Kama unaandika chanzo kipya cha saa, usichague `mult` (kizidisho) na `shift` (idadi ya biti za kusogeza) kwa kukisia. Ita `clocks_calc_mult_shift` na uitajie sekunde nyingi zaidi zinazoweza kupita bila ya kihesabu kusomwa. Itakuchagulia jozi isiyofurika ndani ya muda huo.

Namba ikitoka kwa mtumiaji, hakuna hesabu ya mapema itakayokulinda, maana anaweza kuomba usingizi wa sekunde zozote. Hapo tumia `check_mul_overflow` na `check_add_overflow` kutoka `linux/overflow.h`, au `ktime_set` na `ktime_add_safe`, ambazo zikifika ukingoni hubaki kwenye `KTIME_MAX` badala ya kugeuka hasi.

Hatua ya 6: mwaka 2038

Sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970 ndani ya biti 32 zenye alama zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za kimataifa. Kwetu itakuwa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utaamini ni Desemba 1901.

Ndani ya keneli kazi kubwa imeshafanyika, Linux 5.6 ya mwaka 2020 ndiyo ya kwanza ambayo mashine ya biti 32 inaweza kuitumia kuvuka tarehe hiyo. Iliyobaki ni kwenye draiva za nje kama ile yetu. Tafuta `time_t` na sekunde zilizowekwa kwenye `u32`, `int` au `long`. Weka `time64_t`, `struct timespec64` na `ktime_get_real_seconds`. Miundo inayopita kati ya keneli na programu kupitia `ioctl` usiibadilishe kimya kimya, kwa sababu programu za zamani zitasoma takataka. Ongeza amri mpya yenye sehemu za biti 64 na uiache ya zamani ifanye kazi. Programu zenyewe zijengwe na maktaba ya C ya musl 1.2.0 au zaidi, au na ya glibc 2.34 na kuendelea kwa `-D_TIME_BITS=64 -D_FILE_OFFSET_BITS=64`.

Kama kifaa kinachukua tarehe kutoka GPS, jambo moja zaidi: ujumbe wa zamani wa GPS unahesabu wiki kwa biti 10, na wiki ya 1,024 inarudi sifuri. Ilitokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na itatokea tena Novemba 2038. Kipokezi cha zamani kitakupa tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20. Katalia tarehe yoyote iliyotangulia siku programu yako ilipojengwa.

Hatua ya 7: usingoje siku 497

Waandishi wa keneli walishachoka kungoja. Ndani ya `include/linux/jiffies.h` utakuta `INITIAL_JIFFIES` ikiwa ni hasi 300 mara `HZ`, ndani ya biti 32. Maana yake kila keneli inapowashwa, biti 32 za chini za `jiffies` zimebakiza dakika 5 tu kujaa. Kasoro ya hatua ya 3 inajitokeza huku bado umekaa mbele ya mashine. Kwa hiyo jaribio lako la kwanza halina gharama: washa kifaa, kipe kazi nzito kuanzia dakika ya nne hadi ya sita, na utazame. Kwenye keneli ya majaribio unaweza kuibadilisha hiyo 300 ili ukingo uangukie dakika unayoitaka.

Kwa kasoro za hatua ya 4 na ya 5, itenganishe hesabu na saa. Fanksheni isiulize muda yenyewe, ipewe:

```c
static unsigned long pita(unsigned long sasa, unsigned long mwisho)
{
	return sasa - mwisho;
}

static void jaribu_ukingo(struct kunit *test)
{
	KUNIT_EXPECT_EQ(test, pita(5, -5UL), 10UL);
	KUNIT_EXPECT_EQ(test, pita(0, -1UL), 1UL);
	KUNIT_EXPECT_EQ(test, pita(7, 7), 0UL);
}
```

Endesha kwa KUnit, chombo cha majaribio cha keneli yenyewe, na hapa nasisitiza: endesha kwa usanifu wa biti 32.

```
./tools/testing/kunit/kunit.py run --arch=arm --cross_compile=arm-linux-gnueabi-
```

Usipoweka `--arch`, jaribio litakwenda kwa biti 64 za kompyuta yako, litapita lote, na utakuwa hujajaribu chochote. Mimi nilipoteza siku mbili kwa kosa hilo, nikiwa na hakika kwamba draiva ya Wete haina tatizo.

Namba za majaribio nazo zichaguliwe: sifuri, moja, ukingo wenyewe, moja kabla yake, moja baada yake, na nusu ya mzunguko pande zote mbili. Namba za katikati hazifichui kitu. Kwa mwaka 2038, QEMU, programu inayoigiza mashine nzima, inakubali `-rtc base=2038-01-19T03:13:00`; iache ivuke dakika mbili na uone nini kinaandikwa kwenye faili. Kwa programu za mtumiaji pekee, `unshare --time --fork --boottime 42940000` itazionesha mashine kana kwamba imekaa hewani siku 497 zaidi, bila ya kuigusa `jiffies` ya keneli.

Hatua ya 8: kupeleka kiraka, na kuondoa plasta

Kama kasoro iko kwenye keneli rasmi, usiiweke kabatini. Andika kiraka kimoja kwa kasoro moja, eleza kwa namba inafurika lini na kwenye `HZ` gani, weka mstari wa `Fixes:` unaotaja komiti iliyoileta, na `Cc: stable@vger.kernel.org` kama inaathiri matoleo yanayotumika. Pitisha `scripts/checkpatch.pl`, kisha `scripts/get_maintainer.pl` ikuambie umpelekee nani. Msimbo wa kupima muda wenyewe unatunzwa na Thomas Gleixner na John Stultz, na maelezo ya hesabu ndiyo watakayoyasoma kwanza.

Baada ya hapo ingia kwenye kila kifaa ufute ile amri ya `cron` inayokiwasha upya kila Jumapili usiku. Karibu kila eneo nililofika nimeikuta, imewekwa na mtu mwema aliyetaka huduma isikatike. Ikiendelea kuwepo, kasoro ya siku 24.9 na ya siku 49.7 hazitajionesha kamwe, na siku amri hiyo itakaposhindwa zitakuja zote.

Mwisho, thibitisha kwa kitu kilicho nje ya mashine. Saa ya kifaa haiwezi kujitolea ushahidi. Sisi tuliacha kifaa kikae wiki mbili, kutoka bamvua hadi maji mafu na kurudi, kisha nikachapisha grafu na kwenda nayo gatini. Mzee aliifuata kwa kidole kilele baada ya kilele, akaniuliza saa ya kila kimoja, nikamsomea. Alipofika siku ya tano alinirudishia karatasi. "Sasa kinachelewa," alisema.